Kungumanga nyuma ya sikio

Sayyida Salme, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, ameacha maelezo mafupi ambayo yamenikaa rohoni mwezi mzima. Yamo katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mtoto wa kike, anaeleza, alitogwa masikio siku chache tu baada ya kuzaliwa, kwa sindano na uzi wa hariri nyekundu: matundu sita kila sikio. Baadaye uzi ukitolewa, dhahabu inaingia.

Matundu kumi na mawili kwa kichanga ambaye hajatoka arubaini. Wala hayakuwa mambo ya kasri peke yake. Chukua kadi za posta za zamani zilizotoka studio za Gomes na Coutinho hapa mjini, uwatazame wanawake wa kawaida wa Unguja. Karatasi za rangi zilizoviringwa zimepanda ukingo mzima wa sikio, tundu baada ya tundu, na chini kwenye ndewe limekaa jasi pana kama sarafu. Nimezitazama kadi hizo kwa lenzi, moja moja. Nilikuwa natafuta makovu. Sikuyaona.

Nilikuwa nayatafuta kwa sababu ya msichana mmoja ndani ya daladala ya Mwanakwerekwe. Upepo wa dirishani uliusukuma mtandio wake, na nyuma ya sikio nikaona uvimbe mweusi unaong'aa, ukubwa wa kungumanga. Aliuvuta mtandio haraka, akanitazama kama mtu aliyevuliwa nguo. Niliona haya kwa macho yangu mwenyewe.

Tabibu wa ngozi niliyemwendea ni mtu wa makamo, mpole, na hapendi jina lake liandikwe. Alisomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, kinachofundisha watu wa nchi nyingi za Afrika. Nilipomsimulia habari ya msichana wa daladala hakushangaa. Anasema wenye uvimbe kama ule wanamjia kila wiki, wote wamejifunika, na wote wana hadithi moja: tundu la pili au la tatu, lililotobolewa kwa kibastola saluni au kwa sindano ya rafiki chumbani, harusi ya mtu ikikaribia. Wanaume nao huja na uvimbe wa kisogoni, ulioanza kama vipele vya kinyozi.

Hilo ndilo kovu ambalo watu husema limeota nyama. Madaktari huliita keloidi, jina lililotokana na daktari Mfaransa, Alibert, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliona linavyotambaa nje ya mipaka ya jeraha akalifananisha na gando la kaa. Si saratani, si uchafu, na tabibu anataka niandike kwa herufi nzito kwamba si jicho la mtu. Ni mwili unaoziba jeraha na kusahau kuacha. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, na hufuata ukoo.

Aliniruhusu nisimame pembeni siku moja, kwa ridhaa ya mgonjwa, binti wa miaka 19. Sindano ya ganzi ndiyo iliyomtoa machozi. Baada ya hapo alikuwa akisikia kuvutwavutwa tu. Tabibu alipasua ngozi ya juu taratibu, akaibandua kama unavyobandua ganda la yai lililochemshwa, akaiacha ining'inie. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kikavu, kinachong'aa, rangi ya nazi kavu. Kisu kilipita kwa shida, kama kwa pweza ambaye hajaiva. Akakichomoa kiini chote, akakata ngozi iliyozidi, ile iliyobaki akairudisha kufunika sikio, akaishona kwa uzi mwembamba kiasi kwamba nililazimika kuinama ili niuone. Sikio likarudi kuwa sikio. Kwenye kisahani cha chuma, kipande kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Kiliwekwa kwenye chupa kwenda maabara, kwa sababu, anasema, jicho la tabibu hukosea.

Nilidhani nimeona tiba. Hapana, anasema, umeona mlango. Keloidi iliyokatwa ikaachwa hivyo hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa, na zipo tafiti zinazosema karibu wote. Tena mara nyingine hurudi kubwa kuliko ya awali, maana kisu nacho ni jeraha. Kinachomuuma ni wale waliokatwa mahali wakaambiwa nendeni mmepona. Dawa ni ya miezi: sindano za triamsinoloni kwenye kovu kila baada ya wiki nne hivi, zinazouma na zinazoweza kupausha ngozi pale zinapoingia. Na kubana. Nyuzi zikishatoka na kidonda kikifunga, mgonjwa huvaa vibanio viwili vya plastiki vinavyolikandamiza sikio mbele na nyuma, saa nyingi za mchana na usiku kucha.

Nilivishika mkononi. Ni vya mviringo, vyepesi, vipana kama sarafu. Ni majasi kabisa.

Onyo moja alilirudia mara mbili. Mwenye ualbino asisubiri. Kwake uvimbe au kidonda cha sikioni kisichopona chaweza kuwa saratani ya jua, na huko siku zina thamani.

Nikamuuliza kuhusu Salme na wanawake wa kwenye kadi. Alifikiri sana. Utoto unasaidia, alisema. Anayetogwa mchanga hapati keloidi kwa urahisi kama anayetogwa akiwa amevunja ungo. Lakini ukingo wa juu wa sikio ndio mahali pabaya kuliko ndewe, na wao walitobolewa hapo hapo. Labda uzi wa hariri unaumiza kidogo kuliko kibastola kinachoponda. Labda waliopata makovu hawakuitwa kupigwa picha. Hilo la mwisho limenikosesha raha. Nimerudi kwenye kadi zile, na sasa naziona shela na kanga zilizovutwa hadi mashavuni, ambazo mwanzo sikuzijali.

Siku ile ya upasuaji, mama wa binti alikuwa nje kwenye benchi, amempakata mjukuu wa kike wa siku tano.

"Dokta, na huyu tumtoge?"

"Kwenu wapo wengine wenye makovu haya?"

"Mimi mwenyewe, begani. Na marehemu mama."

"Basi mama, ningekuwa mimi ningemwacha. Mkishindwa, iwe sasa, ndewe tu, tundu moja."

Mama aliligusa sikio la kichanga kwa ncha ya kidole, akaliviringa taratibu. Hakujibu.