Lijamu Mbili Kinywani mwa Farasi

Mwanafunzi wa Kamachumu anaweza kumaliza masomo ya sekondari bila kumwona farasi kwa macho yake. Ng'ombe wa pembe ndefu anawajua, na kamba ya mgomba anajua kuisokota. Farasi kwake ni mnyama wa vitabuni. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki maradhi ndiyo yaliyomzuia farasi: nagana, iletwayo na mbung'o, na tauni ya farasi, ambayo virusi vyake huenezwa na usubi na huweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga. Hata hivyo farasi wapo nchini. Jeshi la Polisi, kwa mfano, lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Tena kichwani mwa mnyama huyu limo somo la wenzo ambalo shule yoyote inaweza kulijaribu.

Farasi aliyekwisha kufunzwa vyema huweza kuvishwa lijamu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni chuma chembamba chenye pete ndogo pembeni, na kwa kawaida huwa na kiungo katikati. Ya pili haina kiungo, bali ina mikono miwili inayoning'inia nje ya mdomo. Ncha za juu za mikono hiyo zimeunganishwa kwa mnyororo mfupi upitao nyuma ya kidevu, na ncha za chini zimefungwa hatamu. Kwa kuwa kila lijamu ina hatamu yake, mpandaji hushika mikanda minne.

Lijamu hii ya pili ndiyo wenzo. Tuseme mkono wake una urefu wa sentimeta 5 juu ya chuma cha kinywani na sentimeta 10 chini yake. Mpandaji akivuta kwa kani ya nyutoni 20, momenti zikilingana, mnyororo utabana kidevu kwa nyutoni 40. Lakini hesabu haikomi hapo, ingawa wengi huikomesha hapo. Hatamu na mnyororo vyote huvuta kuelekea nyuma; kwa hiyo chuma hukandamiza taya kwa jumla ya nyutoni 60, yaani mara tatu ya kani ya mkono. Na mahali penyewe pa kukandamizwa ni pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, ambapo ukingo wa mfupa umefunikwa kwa nyama nyembamba tu!

Ndiyo maana uvishaji hautaki haraka. Lijamu nyembamba hukaa juu, ikigusa pembe za mdomo bila kuzivuta. Ile ya wenzo hukaa chini yake, mbali na chonge ambazo farasi dume huwa nazo. Mnyororo husokotwa mpaka pete zake zote zilale bapa, kisha hutundikwa ili uanze kubana pale mikono inapofikia pembe ya nyuzi 45 hivi na mstari wa mdomo. Ukiwa mfupi mno, humbana mnyama hata pale mpandaji asipovuta, naye hapati nafuu ya kumjulisha kwamba ametii. Ukiwa mrefu mno, mikono hugeuka hadi kukaribia kulingana na hatamu, na faida ya wenzo hupotea.

Mkanda wa pua nao huachiwa nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa wa pua. Wako wanaoukaza ili farasi asifumbue kinywa. Hao hawaondoi maumivu, huondoa dalili yake tu. Tangu mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi limeweka kipimo maalumu cha kukagua nafasi hiyo mashindanoni. Hapa Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, humlinda mnyama asiteswe, awe farasi au punda.

Kwa jaribio la darasani, rula itundikwe katikati yake kwa kamba nyembamba ya mgomba kwenye mizani ya springi. Upande mmoja, sentimeta 10 kutoka katikati, uning'inizwe uzito wa gramu 200. Upande wa pili, sentimeta 5 tu, utafutwe uzito utakaoilaza rula sawasawa. Utakuwa gramu 400, na mizani ya juu itasoma gramu 600 pamoja na uzito wa rula yenyewe. Kisha ule wa gramu 200 usogezwe hadi sentimeta 15, na jaribio lirudiwe.