Boneti Moto Saa Moja Asubuhi

Prado ya 1998, dizeli, kilomita 340,000, laki nane. "Hizi hazifi, bosi," muuzaji ananiambia. Kweli ni ngumu. Lakini injini yake, 1KZ-TE, ikichemka sana silinda hedi hupasuka, na kutengeneza hapo si pesa ya oili.

Nikaenda na fundi wangu wa Grogan saa moja asubuhi. Kushika boneti, moto! Mse ameshaliwasha kabla tufike. Gari likiwa baridi ndipo unaona moshi wake wa kwanza, na ndipo unafungua rejeta bila kuungua, uwashe, uangalie kama maji yanatoa mapovu.

Tukamwambia tutarudi kesho, asiliguse. Ghafla ana mteja mwingine kutoka Nanyuki. Sawa, amuuzie. Hizo laki nane nimeziweka miaka 4, na kilomita hazikunitisha hata kidogo.