Tochi Isiyotegemea Betri za Dukani: Tuchague Ipi?

Leo tunazungumza juu ya tochi. Huenda mtu akauliza, "Tochi nayo ni jambo la kuandikwa gazetini?" Tunamwomba asome kwanza mkasa uliotupata sisi wenyewe huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru.

Ilikuwa wakati wa masika. Saa nane usiku jirani yetu aligonga mlango. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Tukachukua tochi yetu kubwa iliyokuwa juu ya kabati. Haikuwaka. Tulipoifungua tulikuta betri zimevuja na springi imeshika kutu. Maduka yote yamefungwa. Simu zilikuwa mbili tu. Moja imezima kabisa. Ya pili ilibakiwa na chaji kidogo. Mwenye simu akasema, "Shemeji, nikiwasha tochi ya simu, chaji itaisha sasa hivi. Halafu mwenye gari nitampigiaje?"

Alisema kweli. Basi tukampigia mwenye gari, tukateremka na kibatari. Upepo ulikizima mara tatu. Kwenye kivuko cha miti juu ya kijito tulimvusha mama yule kwa kushikana mikono, kila mtu anapapasa kwa mguu. Mungu alisaidia. Tulilikuta gari barabarani, na mtoto akazaliwa salama kwenye kituo cha afya. Lakini mzee wetu mmoja aliteleza korongoni, akateguka mguu. Alikaa wiki kadhaa bila kwenda shambani.

Tangu usiku ule tumejifunza mengi juu ya tochi. Tunataka kuwaeleza ninyi wenzetu tuliyojifunza.

KWA NINI BETRI ZA DUKANI HAZITOSHI?

Betri ya kawaida ni akiba ya umeme. Ikitumika huisha. Hata isipotumika, nguvu yake hupungua polepole. Ikisahaulika ndani ya tochi muda mrefu huweza kuvuja maji makali yanayokula chuma. Hayo ndiyo yaliyotupata sisi.

Wazee wetu wanaijua shida ya betri. Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bidhaa nyingi ziliadimika nchini. Sabuni shida, sukari shida, betri shida. Watu wengi walianika betri zilizochoka juani, kisha wakazirudisha kwenye redio wasikilize taarifa ya habari. Je, kuanika kulisaidia? Kulisaidia kidogo. Joto la jua huamsha ile nguvu kidogo iliyobaki ndani ya betri. Lakini haliongezi nguvu mpya. Baada ya muda mfupi betri hufa tena.

Siku hizi betri zinapatikana, na nguzo za umeme zimefika vijiji vingi. Hata hivyo dharura haichagui saa. Tarehe 1 Aprili 2024, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Usiku kama huo, mwenye tochi isiyohitaji duka wala waya wa umeme ndiye mwenye mwanga.

UMEME UNATOKA WAPI BILA BETRI YA DUKANI?

Wengi wetu tunaijua dinamo ya baiskeli. Tairi likizunguka, dinamo nayo huzunguka na taa huwaka. Ndani ya dinamo mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, kama uzi unavyozungushwa kwenye kijiti. Sumaku ikienda mbio karibu na waya ule, umeme hutokea ndani ya waya. Jambo hili liligunduliwa na mtaalamu wa Uingereza, Michael Faraday, mwaka 1831.

Tochi za mkono hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila nguvu inatoka mkononi mwako badala ya tairi. Tena taa ndogo za siku hizi, zinazoitwa LED, hutumia umeme kidogo sana kuliko balbu za zamani zenye uzi ndani. Ndiyo maana nguvu ya mkono inatosha.

AINA ZA TOCHI HIZI

Kwanza: Tochi ya kubana. Hii ina kipini unachokibana na kukiachia kwa vidole. Ukibana inawaka. Ukiacha, nyingi huzimika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili (1939-1945) betri zilikosekana sana Uholanzi, na watu wengi huko walitumia tochi za namna hii zilizotengenezwa na kampuni ya Philips. Uzuri wake ni kwamba ile isiyo na akiba ndani inaweza kukaa miaka na bado ikawaka, maana hakuna kitu cha kuisha. Ubaya wake ni kwamba mkono unachoka, na mkono mmoja haufanyi kazi nyingine.

Pili: Tochi ya kuzungusha. Hii ina mkono mdogo wa kuzungushia pembeni. Ukizungusha, umeme huingia kwenye betri ndogo ya ndani inayochajika tena. Ukiacha kuzungusha, taa huendelea kuwaka kwa muda. Dakika moja ya kuzungusha hutoa mwanga wa dakika kadhaa. Mtu akikwambia, "Zungusha dakika moja upate mwanga wa usiku kucha," usimwamini.

Wazo la kuzungusha halikuanza na tochi za leo. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kuzungusha kwa mkono. Alikuwa amesikia kwamba elimu ya UKIMWI haiwafikii watu wengi wa Afrika kwa sababu hawana umeme, na betri ni ghali. Redio zake zilitengenezwa Cape Town, Afrika Kusini, katika miaka ya 1990.

Tatu: Tochi ya kutikisa. Sumaku hukimbia mbele na nyuma ndani ya waya unapoitikisa. Ni wazo zuri, lakini mwanga wake mara nyingi ni hafifu. Tena hapa pana udanganyifu mwingi. Ziko tochi ambazo kile kinachokimbia ndani siyo sumaku. Ndani zimefichwa betri ndogo kama vifungo vya shati. Zikiisha, tochi imekufa, utikise mpaka mkono ulegee.

Nne: Tochi ya sola. Hii huchajiwa na jua. Ni nzuri na haichoshi mkono. Lakini tuulizane: jua la kwetu likoje? Sisi wa upande wa kusini wa mlima, kama Nkoaranga, Akeri na Poli, tunalijua wingu letu. Kuanzia Machi hadi Mei ni mvua. Juni na Julai ni baridi na mawingu, pengine siku nzima hulioni jua. Wenzetu wa Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, upande mkavu wa mlima, wanapata jua zaidi, na tochi ya sola itawafaa zaidi kuliko sisi. Huku kwetu sola hupungukiwa nguvu wakati wa masika, na masika ndipo njia zinapoteleza na vijito vinapojaa.

Na simu je? Tochi ya simu ni ya kutafutia funguo. Wakati wa dharura chaji ya simu ni ya kuitia msaada. Usiimalize kwa kumulika njia.

SHAURI LETU

Kwa mtu wa miteremko ya Meru tunashauri tochi ya kuzungusha kwa mkono. Ukipata yenye kibao kidogo cha sola vilevile, ni bora zaidi. Siku ya jua itajichaji yenyewe. Siku ya wingu utazungusha. Mwenye hela kidogo anunue ya kubana. Ni afadhali hiyo kuliko tochi kubwa yenye betri zilizokufa.

JINSI YA KUIPIMA KABLA YA KUNUNUA

Ukienda Soko la Kilombero mjini Arusha, au gulioni Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, utazikuta tochi za rangi nyingi. Usinunue rangi. Fanya hivi:

1. Shika mkono wa kuzungushia. Je, ni imara au unalegalega? Zungusha polepole ukisikiliza. Meno ya ndani yakikwaruza au yakiruka, rudisha. Tochi nyingi huharibika kwenye meno hayo ya plastiki.

2. Zungusha dakika moja. Washa, uiweke mezani, upige hadithi na muuzaji. Baada ya dakika tano itazame. Ikiwa imeshazima au inawaka kama kimulimuli, tafuta nyingine.

3. Omba kuingia mahali penye giza, hata nyuma ya pazia la duka. Mulika chini mbele yako. Unataka kuona jiwe na shimo hatua kumi mbele. Kisha shika karatasi uisome. Ukiweza kuisoma, muuguzi naye ataweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa.

4. Lowesha vidole, kisha bonyeza swichi. Usiku wa mvua mikono yako itakuwa na maji na tope. Swichi ngumu au inayoteleza haifai.

5. Patana na muuzaji kwamba isipofanya kazi utairudisha, na udai risiti. Ukifika nyumbani iache ikiwaka mpaka izime kabisa. Halafu zungusha. Ikiwaka tena vizuri, ni tochi ya kweli. Isipowaka, muuzaji alikuuzia betri iliyofichwa.

Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukipima. Akikasirika, nenda duka la pili.

KUITUNZA

Tochi ya dharura siyo ya kuchezea watoto wala ya kuendea chooni kila usiku. Iwe na mahali pake pamoja, kwa mfano msumari nyuma ya mlango. Kila mtu wa nyumbani, hata bibi na mtoto, ajue kuifikia gizani bila kuuliza.

Ile betri ndogo ya ndani ikikaa tupu muda mrefu huharibika. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi izungushe dakika tatu, uiwashe, uone kama mwanga ni ule ule. Zungusha kwa mwendo wa kawaida. Ukizungusha kwa hasira utavunja meno. Ikilowa, ifute na uikaushe kivulini.

Kama bado una tochi ya betri, itumie kwa kazi za kila siku, lakini toa betri usipoitumia. Betri zilizokwisha usizitupe motoni, zinaweza kupasuka. Wala usizitupe kwenye mifereji, maana maji hayo yanakwenda shambani na kwa mifugo ya mwenzako. Usiwape watoto wazichezee. Na kibatari kisiwe tegemeo la safari ya usiku. Upepo hukizima, na kikianguka ndani huunguza nyumba.

KAMA HELA HAZITOSHI

Sisi hatukuwa na hela ya kununua kila nyumba tochi yake. Tulikaa majirani wa nyumba tano, tukachanga, tukanunua moja nzuri ya kuzungusha. Inatundikwa kwa jirani ambaye nyumba yake iko katikati. Mama wa nyumba ile ndiye huizungusha kila mwisho wa mwezi. Tulipatana masharti mawili: haiazimwi kwa sherehe, na anayeichukua usiku huirudisha asubuhi.

Masika yaliyofuata mlango uligongwa tena usiku. Safari hii ni mtoto aliyekuwa na homa kali na degedege. Mmoja alimbeba mtoto, mmoja alitangulia akizungusha na kumulika, na simu ikabaki na chaji yake ya kuita gari. Kile kivuko cha miti tulikipita bila mtu kuteleza. Yule mzee aliyeteguka mguu alisimama mlangoni kwake akatuambia, "Nendeni, wanangu. Leo mnaona njia."

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu wasomaji. Leo jioni, kabla ya kulala, itazameni tochi yenu ya nyumbani. Je, inawaka?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tochi ya simu siyo ya kutegemea wakati wa dharura?
2. Katika kitongoji chenu jua linakosekana miezi gani? Je, tochi ya sola peke yake itawatosha?
3. Utajuaje kwamba tochi ya kutikisa au ya kuzungusha ni ya uongo?
4. Njia ya kutoka kwenu kwenda kituo cha afya ina mahali gani pa hatari usiku? Nani atashika taa, na nani atamshika mgonjwa?
5. Je, majirani zenu wanaweza kuchanga kununua tochi moja? Nani ataitunza?