Kawa Chini ya Tonado

Nilikaa miaka kumi na bisibisi mkononi nikitengeneza redio, na fundi ninayemhusudu kuliko wote sikuwahi kumwona: Tim Samaras wa Colorado, Marekani. Utotoni aliunda mitambo ya kurushia mawimbi kwa vipuri vya televisheni kuukuu. Shahada hakuwa nayo. Akiwa na miaka 20 aliingia taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Denver bila hata wasifu mkononi, akaomba kazi, akapewa. Huko akawa anaunda na kupima silaha.

Kutoka kupima milipuko akahamia tonado. Msomaji asichanganye na kimbunga tunachokijua pwani, kile kinachotoka baharini na kutangazwa siku kadhaa kabla. Tonado ni mkonga wa upepo unaoshuka kutoka wingu la radi hadi ardhini. Kwa sura utasema chamchela. Kwa nguvu, hawajuani. Huzuka ghafla, na nyingi hutoweka ndani ya dakika kumi. Basi wanaozitafiti huitwa wawindaji: hushinda barabarani wakifuata mawingu, na siku nyingi hurudi mikono mitupu.

Rada ziliona upepo wa juu. Nyumba ziko chini, na huko chini ndiko Samaras alikotaka vipimo. Miaka ya 1980 watafiti walijaribu kutega pipa la vyombo lenye kilo zipatazo 180. Tonado ikaligusa kwa pembeni tu, likaanguka. Yeye akaja na chombo kifupi cha kilo 20 hivi, umbo lake kama kawa la kufunikia chakula. Upepo ukilipiga kawa haupati pa kulishika uliinue, unalikandamiza ardhini. Nilipoona picha ya chombo hicho nilicheka peke yangu. Bibi yangu angekidai arudishiwe jikoni.

Tarehe 24 Juni 2003, karibu na Manchester, South Dakota, alikitua kando ya barabara, akarudi garini mbio. Tonado ikakipitia juu. Kijiji kikafutika, kawa likabaki palepale. Ndani yake ilisomeka kwamba mgandamizo wa hewa ulishuka milibari 100, kana kwamba mahali pale pamenyanyuliwa kufumba na kufumbua karibu kilomita nzima angani. Hakuna aliyekuwa amewahi kunasa mshuko mkubwa hivyo.

Wenzake walimjua kwa tahadhari. Lakini tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado ilibadili mwelekeo, ikaongeza mwendo na kutanuka hadi kilomita 4.2. Ilimuua yeye, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young.

Rada ya kwenye gari ilisoma upepo wa zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Hata hivyo, katika kumbukumbu rasmi tonado ile ni ya daraja la 3, si la 5 lililo la juu kabisa, kwa kuwa kipimo cha madaraja hayo husoma majengo yaliyobomoka, nayo ilipita zaidi mashambani.