Kijana Mwenye Baipola: Dawa ni Nusu, Nusu ya Pili Iko Nyumbani

Yako maradhi ambayo katika nyumba nyingi za mwambao hutajwa kwa minong'ono tu. Kijana mpole, mwenye kushika masomo yake, hubadilika ghafula. Hupitisha siku tatu bila ya usingizi wala haoni uchovu. Husema upesi hata maneno yakakanyagana. Hujiona ana vipawa ambavyo wenziwe hawana. Hutapanya fedha bila ya hesabu. Baada ya majuma machache hugeuka: hujifungia chumbani, chakula hakimshuki, na hutamani lau asingezaliwa. Jirani husema ni jini, ami husema ni bangi, na mama hubaki na machozi yake.

Huenda hayo yakawa ni baipola, maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Aghalabu huanza mwishoni mwa balehe au mwanzoni mwa utu uzima, na hutokea zaidi katika ukoo ambao yamewahi kuonekana. Si upungufu wa imani, wala si adhabu ya malezi mabaya. Na wahenga walituusia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Msingi wa matibabu ni dawa. Mnamo mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wake, na hadi leo dawa hiyo ingali inatumika. Lakini dawa haimfundishi kijana kuzitambua dalili zake, wala haiwafundishi wazazi namna ya kusema naye. Hiyo ndiyo kazi ya tiba ya mazungumzo.

Tiba hii si bidhaa ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili na hutibiwa vilevile kwa fikra njema na maneno ya busara.

Katika zama zetu, mwanasaikolojia David Miklowitz wa Marekani ameunda tiba inayoikusanya familia nzima. Ina sehemu tatu: kuyaelewa maradhi, kujifunza kusemezana, na kutatua matatizo kwa pamoja. Utafiti wake uliotolewa mwaka 2020 uliwahusu watoto na vijana 127 wa miaka 9 hadi 17, wenye dalili za mapema na jamaa wa karibu mwenye baipola. Waliopata vikao 12 vya kifamilia katika miezi minne hawakupona haraka zaidi kuliko wenzao waliopata vikao vichache. Lakini baada ya kupona, walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuugua tena. Kwa mzazi, muda huo ni mitihani iliyofanywa na usiku uliolalwa.

Siri yake ni nini? Imethibiti kuwa nyumba yenye lawama na ukali humrudisha mgonjwa kitandani upesi. Basi badala ya kusema, "Wewe umetuaibisha," mama na aseme, "Mwanangu, usiku huu wa pili hukulala, nami nina wasiwasi. Twende tukamwone daktari pamoja." Maneno ni machache, na tofauti yake ni kubwa.

Tiba nyingine, aliyoianzisha Ellen Frank huko Pittsburgh, hupanga mwendo wa siku: saa ya kuamka, ya kukutana na watu, ya kuanza kazi, ya kula na ya kulala. Kukosa usingizi kwaweza kuwasha moto wa maradhi haya. Sisi tuna vipindi vitano vya sala vya kuipangia siku, tuvitumie. Lakini tumwepushe kijana huyu na mikesha ya arusi, simu ya usiku wa manane, miraa na muguka.

Mwezi wa Ramadhani una hukumu yake. Mwenye kutumia lithiamu akikosa maji, dawa huweza kuzidi damuni ikamdhuru. Na daku hukata usingizi. Amwulize daktari kabla ya mwezi kuandama, na akizuiwa kufunga, mgonjwa ana ruhusa ya sheria. Msichana aliyepewa valproeti naye aulize mapema, kwani dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Sisi tunaoletewa vijana ili tuwasomee, hatuoni kuwa kisomo kinashindana na hospitali. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa. Anayemfunga kijana kamba, kumpiga au kumwachisha vidonge kwa jina la dini, ameidhulumu dini na amemdhulumu mgonjwa.

Kijana akitaja mauti, msimnyamazishe. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo asilokuwa nalo, bali humfungulia mlango. Kisha msimwache peke yake, wekeni mbali dawa na vitu vya hatari, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Mkifika, msiombe vidonge tu. Ulizeni pia kuhusu mshauri wa kuketi na familia, na baba naye aketi. Mzigo huu si wa mama peke yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.