Kondo la Nyuma Baada ya Kujifungua: Sheria Inasemaje?

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake.

Ama baad. Tulipokuwa Mtwara kwa ajili ya darsa, baada ya sala ya Alasiri alitujia kijana wa Unguja aliyeoa Msimbati, karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Mkewe alikuwa amejifungua hospitali, mtoto wa kike, wote wazima walhamdulillah. Wauguzi wakalitia kondo la nyuma katika shimo la hospitali kama wanavyofanya siku zote. Habari ilipofika nyumbani, mama mkwe akalia kama aliyefiwa: kondo limechanganywa na ya watu, kizazi cha mwanawe kimefungwa. Na mama yake kijana, huku Unguja, akapiga simu kusema kuwa wakwe wamelificha makusudi ili wamfanyie mambo mtoto wake. Kijana akatuuliza, "Sheikh, mimi nimekosa wapi? Maana mke wangu sasa anasema mimba ijayo atazalia nyumbani."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike.

Kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio na Waarabu huliita mashima, ndilo lililokuwa likimpitishia mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kondo la binadamu ni tohara kwa kauli sahihi, kama alivyobainisha Imamu Nawawi katika Al-Majmu'u. Damu iliyoganda juu yake ndiyo najisi. Kwa hiyo si uchafu wa kutupwa jaani. Wala si maiti: halioshwi, halikafiniwi, halisaliwi. Hapa watu huchanganya na mimba iliyoharibika baada ya miezi minne. Huyo ni kiumbe na ana hukumu zake, tutazieleza mahali pengine inshaallah.

Kinachopendekezwa ni kulizika, kwa sababu ni sehemu ya mwanadamu na Allah amemtukuza mwanadamu, kama ilivyo katika Suratul Israa. Ipo hadithi inayonasibishwa na Bibi Aisha (r.a.) yenye kutaja vitu saba vya kuzikwa, kondo likiwemo pamoja na nywele na kucha, lakini isnadi yake ni dhaifu. Wanazuoni walipendekeza kuzika kwa ajili ya heshima, na Masahaba kama Ibn Umar (r.a.) imepokewa kuwa walizika nywele na kucha. Basi ni jambo jema, si faradhi.

Je, shimo la hospitali linatosha? Linatosha. Ni shimo lililochimbwa ardhini na kufunikwa, mbwa hafiki wala mtu halichezei. Kukaa pamoja na ya wengine hakuna ubaya wowote kisheria. Na hospitali zina sababu: damu inaweza kubeba maradhi kama Ukimwi na homa ya ini. Mahali wanapochoma, sisi tunaona kuzika ni bora, lakini mzazi asiye na hiari hana dhambi.

Anayetaka kulizika mwenyewe amwambie mkunga mapema, kabla ya uchungu, si baada ya kondo kuondoka. Akipewa, avae mipira ya mikono, alifunge katika kitambaa, achimbe kina cha kutosha, mbali na kisima. Kule Msimbati mchanga ni mwepesi, na kwetu Makunduchi jiwe liko karibu, kwa hiyo itafutwe sehemu yenye udongo. Anayetaka kupanda mnazi hapo apande, ni mti tu.

Lisilofaa ni yale yanayofungamanishwa na kondo: kwamba likilala kifudifudi mama hatazaa tena, kulizika na hirizi, au kulitoa kwa mganga. Kuliuza ni haramu, na kulila pia. Katika Suratu Shura Allah ametueleza kuwa Yeye humpa amtakaye wasichana, na amtakaye wavulana, na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Shimo halikutajwa hapo. Na siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua likapatwa, watu wakasema ni kwa ajili yake. Mtume, naye yumo katika msiba, aliwakataza: jua halipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake.

Ama kuzalia nyumbani ili kulinda kondo, hilo ni la hatari. Kondo likichelewa kutoka zaidi ya nusu saa, au kipande kikabaki ndani, mama anaweza kutokwa na damu mpaka akafa, na kutoka vijiji vya mdomo wa Ruvuma hadi hospitali ya Mtwara mjini si hatua mbili. Kuhifadhi nafsi ni wajibu, kuzika kondo ni sunna ya adabu. Sunna haibomoi wajibu.

Kijana tulimwambia ampigie mama yake kwanza, amweleze kwa upole kuwa hakuna aliyeficha kitu, kisha aende mwenyewe kwa mkwewe na zawadi ya mjukuu. Tulimtaka pia amwombe nesi amwoneshe mkewe shimo lenyewe lilipo. Alikwenda nalo hilo, na mke alipoliona limejengewa na kufunikwa, alisema, "Kumbe ni kaburi." Hatukumsahihisha.

Wallahu a'lam.