Fahamu: Ini lenye mafuta ni nini, na linatibikaje?

Ini huhesabiwa kuwa na mafuta kupita kiasi yanapozidi asilimia 5. Pombe ni chanzo kimoja tu. Vingine ni kitambi, kisukari cha aina ya pili na mafuta mengi kwenye damu.

Kwa nini yanajaa?
Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Leo wengi mjini Tabora hupanda bodaboda, na soda na chipsi ziko kila kona. Chakula kisichotumika hugeuka mafuta, na mengine hukaa kwenye ini.

Dalili
Mara nyingi hakuna. Hugunduliwa kwa ultrasaundi na vipimo vya damu. Likipuuzwa, ini huweza kupata makovu, hata saratani.

Ufanye nini?
Mnene akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito, mafuta na uvimbe wa ini hupungua. Tembea dakika 150 kwa wiki. Punguza sukari, vya kukaanga na pombe. Epuka dawa za "kusafisha ini": baadhi huliumiza. Ukiwa na kisukari au kitambi, mwombe daktari akupime ini.